Vifaa vimefika shuleni, mwalimu je?

Tangu mwaka 2008 serikali kadhaa za Afrika Mashariki zimegawa kompyuta mpakato na vishikwambi kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi na walimu. Mjadala wa hadhara umekuwa zaidi juu ya bei, zabuni na idadi ya mashine.

Swali la nani atamwandaa mwalimu limekuja baadaye, na mara nyingine halikuja kabisa. Swali hilo lina pande mbili: mwalimu aandaliwe vipi kufundisha kwa kutumia teknolojia, na aandaliwe vipi kumfundisha mtoto kupambanua habari ya kweli na ya uongo inayopita katika teknolojia hiyo hiyo.

Pande hizo hazitenganishiki. Simu inayomletea mwanafunzi somo la hisabati ndiyo inayomletea pia uvumi wa siasa, matangazo ya dawa zisizotibu na picha zilizoghushiwa. Mwalimu aliyefunzwa kuwasha mashine tu amepewa nusu ya kazi yake.

FUNZO LA REDIO

Jambo hili si geni katika ukanda huu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ikitumia chombo kilichokuwa cha kisasa vijijini wakati huo, yaani redio.

Watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kilichoandaliwa pamoja na kipindi hicho, wakajadiliana na kuamua hatua ya kuchukua: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kusafisha visima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Kilichobeba kampeni hiyo hakikuwa redio peke yake. Kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo ya namna ya kuongoza mjadala. Hawakuhitaji kuwa wataalamu wa afya. Walihitaji kujua namna ya kuuliza swali, kumpa nafasi mtu mkimya na kuhitimisha kwa uamuzi.

Tena waandaaji walikuwa wamejipima kwanza kwa kampeni ndogo, Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971. Mpangilio ulikuwa jaribio dogo, mafunzo ya viongozi, kisha chombo. Miongo minne baadaye mpangilio huo uligeuzwa kichwa chini miguu juu.

AHADI YA MWAKA 2013

Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za umma. Ahadi ilivutia, lakini utekelezaji ulikwama. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa, na mpango ukaundwa upya.

Mwaka 2016 majaribio yalianza katika shule 150, kisha vifaa vikasambazwa nchi nzima. Kazi ya kuvileta na kuviunganisha ilipewa vyuo vikuu viwili, Moi na Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya kigeni. Vifaa zaidi ya milioni 1 viligawiwa.

Kila shule ilipata, pamoja na vifaa vya wanafunzi, mashine mbili za walimu, projekta moja na kifaa cha kuhifadhi na kusambaza masomo darasani. Mpango huo pia uliharakisha jambo moja la kudumu: karibu shule zote za msingi za umma ziliunganishiwa umeme, wa gridi au wa jua.

Kwa upande wa walimu, njia iliyotumika ni ile ya ngazi. Walimu wachache kutoka kila shule walihudhuria mafunzo ya muda mfupi, wakitarajiwa kurudi na kuwafunza wenzao. Njia hii ni rahisi kwa gharama na hufikia watu wengi upesi. Udhaifu wake ni ule wa uji unaoongezwa maji kila unapopokezwa: anayeupokea mwisho hunywa maji ya moto.

Mwalimu aliyefundishwa na mwenzake, ambaye naye alifundishwa kwa siku chache, hujifunza vifungo vya mashine. Ni nadra kujifunza lini mashine hiyo iwashwe, lini izimwe, na afanye nini umeme ukikatika katikati ya kipindi.

Mwezi Machi 2020 udhaifu mwingine ulionekana. Kenya ilipofunga shule kwa sababu ya janga la corona, vifaa vingi vilibaki vimefungiwa shuleni huku watoto wakiwa majumbani. Masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Teknolojia ya mwaka 1973 ndiyo iliyoitwa tena kuokoa jahazi.

RWANDA NA TANZANIA

Rwanda ilitangulia. Kuanzia mwaka 2008 iligawa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, na ikavuka kompyuta 200,000. Baadaye mkazo ulihamia kwenye vyumba maalumu vya kompyuta, ambako darasa zima huingia pamoja na mwalimu.

Tanzania iligusa vyuo vya ualimu mapema zaidi. Katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa Uswidi, kompyuta zilipelekwa katika vyuo vya ualimu vya serikali, na mwaka 2007 nchi ikapata sera ya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa elimu ya msingi. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vilikabidhiwa kwa walimu.

Nchi hizi zimepita njia tofauti, na kila moja imelazimika kurudi kwenye swali lile lile la mwalimu.

UCHUNGUZI WA KISUMU

Jibu moja lenye uzito lilipatikana katika eneo la Kisumu, magharibi mwa Kenya. Watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kufundisha kusoma katika madarasa ya chini. Katika kundi la kwanza vishikwambi walipewa maofisa wanaotembelea na kuwashauri walimu. Katika kundi la pili walipewa walimu wenyewe. Katika kundi la tatu wanafunzi walipewa mashine za kusomea vitabu. Kundi la nne liliendelea kama kawaida.

Makundi yote matatu ya kwanza yalipata pia mafunzo ya walimu, vitabu vya wanafunzi, miongozo ya masomo na ushauri wa darasani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa watoto wa makundi hayo matatu walisoma vizuri kuliko wale wa kundi la nne. Lakini kati ya makundi matatu yenyewe hapakuwa na tofauti ya maana. Kumpa kila mtoto mashine, jambo ghali kuliko yote, hakukuzaa wasomaji bora kuliko kumpa mshauri mmoja kishikwambi. Kilichofanana kwa wote watatu ndicho kilichoonekana kufanya kazi: vitabu, mafunzo na mtu wa kumsaidia mwalimu.

Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulijengwa juu ya funzo hilo. Vishikwambi walipewa maofisa wa usaidizi wa mtaala, zaidi ya 1,000 nchini kote. Ofisa aliketi nyuma ya darasa, akafuatilia somo, akawapima watoto watatu kwa kusoma, kisha akazungumza na mwalimu ana kwa ana juu ya alichokiona. Kishikwambi kilionyesha pia kama kweli ofisa alifika shuleni.

Nchini Peru uchunguzi mkubwa juu ya mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, uliochapishwa mwaka 2012, ulifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Kompyuta ziliongezeka mno shuleni, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda.

MWALIMU ANAHITAJI KUJUA NINI?

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliandika kwamba kulijua somo ni jambo moja na kujua namna ya kulifundisha ni jambo jingine. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan waliongeza jambo la tatu, teknolojia, na kusema kuwa ujuzi wa mwalimu umo pale yote matatu yanapokutana.

Mfano ni mwalimu wa jiografia anayefundisha mvua za masika. Akijua somo lake lakini hajui mashine, atachora ubaoni, na pengine atachora vizuri. Akijua mashine lakini hajui kufundisha, ataonyesha picha 30 na darasa litasinzia. Aliyeandaliwa ataonyesha picha moja ya mawingu iliyopigwa kutoka angani, kisha atauliza: upepo huu unatoka wapi, na kwa nini unaleta mvua?

Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, limeweka mwongozo wa ujuzi wa walimu katika teknolojia. Toleo la tatu, la mwaka 2018, lina stadi 18 zilizogawanywa katika maeneo 6: sera, mtaala na upimaji, mbinu za kufundishia, matumizi ya vifaa, uendeshaji wa darasa na shule, na mwalimu kujiendeleza.

Matumizi ya vifaa ni eneo moja tu kati ya hayo 6. Ilhali kozi nyingi ambazo walimu hupelekwa wakati wa likizo hutumia karibu muda wote katika eneo hilo moja: kuandika barua, kutengeneza jedwali, kuandaa slaidi.

UONGO UNAPOINGIA DARASANI

Ukanda huu unajua kwa uchungu gharama ya kutoifundisha jamii kupima inachosikia. Kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo nchini Rwanda mwaka 1993, na mwaka uliofuata kilitumika kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwezi Disemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili wakiwa waasisi wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti.

Nchini Kenya zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilisikia namna baadhi ya redio za lugha za makabila na ujumbe mfupi wa simu ulivyotumika kupandikiza chuki.

Miaka 10 baadaye mbinu zilikuwa zimenolewa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 zilisambaa video zilizoigiza sura ya taarifa za mashirika makubwa ya habari ya kimataifa, zikitangaza kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuwa yametangaza. Nembo, rangi na muziki vilifanana na vile vya kweli.

Sheria na mahakama huja baada ya madhara. Darasa linaweza kuja kabla. Hilo ndilo lengo la elimu ya vyombo vya habari: kumwezesha mtu kuipata habari, kuielewa, kuipima na kuitumia kwa uadilifu. Wazo hilo lilipewa uzito wa kimataifa mwaka 1982 katika tamko la Grünwald, Ujerumani, na mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala wa somo hilo mahususi kwa ajili ya walimu, uliohuishwa mwaka 2021.

Barani Afrika mtaala huo umeingia polepole mno. Watafiti walioongozwa na Peter Cunliffe-Jones walichunguza nchi 7, zikiwemo Kenya na Uganda. Waligundua kuwa kufikia mwaka 2020 ni katika jimbo moja tu, Western Cape la Afrika Kusini, ambako shule zilikuwa zikifundisha hasa namna ya kutambua habari za uongo.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, unataja ujuzi wa kidijitali na fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wa msingi 7. Mlango uko wazi. Mwalimu wa kuuvuka ndiye anayetakiwa kuandaliwa.

SOMO BILA INTANETI

Wengi hudhani somo la aina hii linahitaji maabara ya kompyuta. Halihitaji. Linaweza kufundishwa katika darasa la wanafunzi 60 lenye ubao na chaki.

Mwalimu huandika ubaoni ujumbe unaofanana na ule unaosambazwa kwenye simu, kwa mfano kwamba jani fulani linatibu kisukari kwa siku tatu na kwamba msomaji autume kwa watu 10. Kisha huuliza maswali matatu. Nani amesema? Ushahidi wake ni upi? Wengine wanasemaje?

Swali la tatu ndilo lenye nguvu zaidi. Katika chuo kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew waliwachunguza watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi wa chuo 25. Kila mmoja alipewa tovuti asizozijua azipime.

Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya tovuti wakikagua sura yake, nembo yake na lugha yake. Wahakiki wa habari walitoka upesi na kwenda kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti ile. Walisoma kidogo, wakajua zaidi, na kwa muda mfupi.

Mazoea hayo yanafundishika bila mashine hata moja. Mwanafunzi hupewa kazi ya nyumbani ya kumuuliza mhudumu wa zahanati, mzazi na mwalimu wa sayansi juu ya jani lile, kisha alinganishe majibu. Siku atakaposhika simu, atakuwa tayari ameshajua la kufanya.

Hapo ndipo maandalizi ya mwalimu yanapohitajika hasa. Somo hili huzusha ubishi. Mtoto anaweza kusema kuwa ujumbe ule aliuleta baba, au ulisomwa na kiongozi wa dini. Mwalimu asiyeandaliwa atanyamazisha swali au atamwaibisha mzazi. Aliyeandaliwa atajadili madai, hatamjadili aliyeyaleta. Stadi hiyo haipatikani kwa kusoma mwongozo. Hupatikana kwa mazoezi, mbele ya mkufunzi na wenzake.

MAFUNZO YA CHUONI NA YA KAZINI

Finland hutajwa mara nyingi kama mfano. Katika mtaala wake ulioanza kutumika mwaka 2016, ujuzi wa kusoma maandishi, picha, sauti na takwimu kwa jicho la uchambuzi haukufanywa somo la peke yake. Uliingizwa katika masomo yote: mwalimu wa hisabati hufundisha takwimu zinavyopotoshwa, wa sanaa picha inavyobadilishwa, wa historia propaganda ya vita.

Lakini mwalimu wa Finland husoma hadi shahada ya uzamili. Kuuchukua mtaala wake bila maandalizi ya walimu wake ni kuchukua usukani na kuacha gari.

Kenya ilipiga hatua mwaka 2021 ilipoanzisha stashahada ya miaka 3 kwa walimu wa shule za msingi, ikichukua nafasi ya cheti cha miaka 2 kilichojulikana kama P1. Mwaka mmoja wa ziada unaweza kuwa nafasi ya kumpa mwalimu mwanafunzi kile ambacho kozi za likizo hazina, yaani muda wa kujaribu, kukosea na kurudia darasani akiwa chini ya uangalizi.

Kwa walimu walio kazini tayari, ambao ndio wengi, uchunguzi wa Kisumu unaelekeza kwenye mshauri anayerudi shuleni mara kwa mara kuliko semina moja mjini.

AKILI MNEMBA YABISHA HODI

Tangu mwisho wa mwaka 2022 programu za akili mnemba zinazoandika insha na kutengeneza picha zimekuwa mikononi mwa yeyote mwenye simu na intaneti. Mwanafunzi anaweza kupata jibu lililoandikwa kwa ufasaha na ambalo si kweli.

UNESCO ilitoa mwongozo wa ujuzi wa walimu kuhusu akili mnemba mwezi Septemba 2024, wenye stadi 15. Mwongozo huo unaanza na nafasi ya binadamu katika kuamua, kisha maadili, kabla ya kufika kwenye matumizi ya programu.

Kwa mwalimu wa kawaida, maswali matatu ya ubaoni bado yanatosha kuanzia. Nani amesema? Ushahidi ni upi? Wengine wanasemaje?

KABLA YA KUCHANGIA

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Ghuba, Ulaya na Amerika Kaskazini huchangishana fedha kununulia kompyuta shule walizosoma. Nia ni njema. Mhenga alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo jipya mkononi mwa asiyejua uhunzi halifui jembe. Kabla ya kontena kusafirishwa, yafaa kuuliza:

- Ni walimu wangapi shuleni watafunzwa, kwa muda gani, na nani atarudi kuwatembelea baada ya miezi mitatu?

- Mafunzo yanahusu kuwasha mashine tu, au yanahusu pia namna ya kufundishia somo?

- Mwalimu aliyefunzwa akihamishwa, nani atabaki na ujuzi?

- Nani atatengeneza mashine ikiharibika, na kwa fedha zipi?

- Wanafunzi watafundishwa lini kupima ukweli wa wanachokisoma katika mashine hizo?

Shule isiyo na majibu haistahili kunyimwa msaada. Pengine msaada inaouhitaji kwanza ni nauli ya mkufunzi, vitabu vya kutosha na siku chache za walimu kukaa pamoja kuandaa masomo, kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa.